Mechi Kumi na Tatu za Hozumi Yasuhiro

Hapa Tsurano, mtu akikujia nyumbani na boksi la keki za maharage kutoka duka la Shirakabe, limefungwa karatasi ya zambarau na kamba ya hariri, usianze kuchekelea. Ama amekukosea, ama anataka kitu ambacho hathubutu kukitamka. Keki za kula tu tunanunua sokoni, kwenye mfuko wa nailoni. Za Shirakabe kazi yake ni nyingine, na sheria yake hata watoto wanaijua: kulipokea boksi si kukubali, unaweza kulirudisha kesho yake na maneno matamu. Lakini ukishalifungua, umekubali.

Jumatano moja mwishoni mwa Novemba, wakati watu wako jikoni wanapika cha jioni, Daktari Kurematsu alisimama mlangoni kwa kina Hozumi na boksi la namna hiyo. Huyu ni daktari wa meno, tena ndiye mwenyekiti wa washangiliaji wa timu yetu, Korongo wa Tsurano. Wiki nzima anang'oa watu meno kwa upole, Jumapili anapiga ngoma mpaka viganja vinachubuka. Nyuma yake walisimama wanakamati wawili, vichwa chini, kama waliokuja kwenye msiba.

Mwenye nyumba, Hozumi Yasuhiro, ni dereva wa basi la mji. Aliwakaribisha ndani, wakakataa mara tatu, wakaketi pale pale mlangoni na viatu vyao. Daktari akaanza kwa hali ya hewa. Akasema amesikia Jumapili theluji itaanza. Akasema jukwaa C linapigwa sana na upepo, na kwamba madereva wanachoka kuliko watu wanavyodhani. Akaulizia afya ya Bibi Fusae, mama yake Yasuhiro, ambaye alikuwa nyuma ya mlango wa karatasi anasikiliza kila neno.

"Sisi tungefurahi sana," akamalizia, "tukisikia Jumapili Bwana Hozumi amepumzika vizuri."

"Nimepumzika vya kutosha, Daktari."

"Bila shaka. Ila mapumziko hayazidi."

Wakainama, wakaliacha boksi juu ya kabati la viatu, wakaondoka. Hakuna aliyetaja mpira. Yasuhiro alibaki amesimama, masikio yamemwiva. Alikuwa ameombwa asije uwanjani kwenye mechi ya mwisho ya msimu, naye alilijua hilo kama anavyojua njia ya basi lake.

Tuseme ukweli, ombi halikutoka hewani. Klabu yetu ina programu kwenye simu. Ukigusisha kadi yako ya msimu langoni, inaandika kwamba umehudhuria, na mechi ikiisha inakuhesabia: umeona ushindi mara ngapi, sare ngapi, vipigo vingapi. Watu wa hapa wanaringiana kwa hesabu hizo kuliko wanavyoringiana kwa magari. Sasa msimu ule Korongo walikuwa wamecheza nyumbani mara kumi na nane. Yasuhiro alikwenda kumi na tatu: sare nne, vipigo tisa, ushindi sifuri. Zile tano alizokosa kwa sababu ya zamu za kazi, Korongo walishinda zote tano.

Aliyeligundua jambo hilo ni binti yake mwenyewe, Chinatsu, msichana wa miaka kumi na saba mwenye mdomo. Mwezi wa tisa alimpiga baba yake picha akiwa jukwaani, amevaa koti la mvua la klabu, mikono kichwani, akaitupa mtandaoni na hesabu zote, na chini yake akaandika: "Baba, nenda kazini." Alidhani watacheka marafiki zake wanane. Ulicheka mji mzima. Kituo cha redio kikaisoma asubuhi, kati ya habari za hali ya hewa na bei za kabichi. Yasuhiro naye alicheka, wiki ya kwanza. Halafu abiria wakaanza kumuuliza kwa sauti ya kubembeleza, "Jumapili hii uko zamu, dereva?", na akisema yuko mapumziko wanaguna na kuangalia dirishani.

Na hali ya timu nayo haikuwa ya kutaniana tena. Mechi thelathini na saba: tumeshinda tisa, sare kumi, tumefungwa kumi na nane. Mabao tuliyofunga thelathini na moja, tuliyofungwa hamsini na mbili, ambayo mimi huyataja haraka haraka nikiwa na wageni. Tulikuwa wa kumi na nane kwa pointi thelathini na saba, na watatu wa mwisho wanashuka daraja. Juu yetu kidogo tu walikuwa Ogihama wenye thelathini na tisa, na ratiba ikawaleta hao hao Ogihama kwetu siku ya mwisho. Tukishinda tunabaki, wao wanakwenda. Sare ni kifo chetu.

Kwa hiyo Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa takwimu, na amebanwa.

*

Yasuhiro alikusudia kulirudisha boksi Alhamisi asubuhi. Alishayapanga mpaka maneno. Lakini usiku huo huo wa Jumatano, alipotoka kuoga, akamkuta mama yake mezani, karatasi ya zambarau imekunjwa vizuri pembeni, anatafuna keki ya pili.

"Mama. Umefungua."

"Sasa nisifungue? Aliniletea mimi."

"Amekuletea wewe kwa lipi?"

Bibi Fusae akafungua mdomo na kuonyesha kwa kidole. Meno ya bandia ya juu alitengenezewa na Daktari Kurematsu mwezi wa nne, na tangu siku hiyo yanambana. Miezi yote hiyo alikuwa akingoja mtu aje aombe radhi. Daktari amefika mlangoni na Shirakabe mkononi, ameulizia afya yake, ameinama mpaka chini. Angeelewaje vingine?

Yasuhiro alikaa chini taratibu. Mkewe Sanae, anayepika kwenye jiko la shule na hapendi chakula kipoe, akapakua wali na kumwambia kwamba dunia haijaisha: si abaki nyumbani aangalie kwenye televisheni, joto, miguu chini ya blanketi?

"Hujaelewa, Mama Chinatsu. Nisipokwenda tukafungwa, tumeshuka daraja. Nisipokwenda tukashinda, je? Itakuwa mechi sita bila mimi, ushindi sita. Nani ataniruhusu kuingia tena uwanja ule? Kila Jumapili mpaka nife wataniletea keki."

Chinatsu aliacha kula. Alikuwa hajalifikiria hivyo. Baba yake amekalia kiti kimoja, jukwaa C, mstari wa nane, nambari kumi na moja, tangu timu ilipokuwa ya kiwanda cha nyuzi na jukwaa lenyewe ni tuta la nyasi. Kabla yake kilikuwa cha babu. Yasuhiro hanywi, hachezi kamari, haendi kuvua. Ana kiti hicho tu.

"Nitafuta ile picha," Chinatsu akasema.

"Ifute. Na redio nayo utaifuta?"

Akainuka, akachukua kadi yake ya msimu, akaenda kuiweka kwenye madhabahu ya nyumba, mbele ya picha ya marehemu baba yake, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Bibi Fusae alimtazama mwanawe mgongo, akaisukuma keki ya tatu pembeni.

*

Ijumaa Yasuhiro alikwenda ofisi ya mabasi kuomba zamu. Mwaka mzima alikuwa ameiomba Jumapili hiyo iwe ya mapumziko, sasa anaomba kinyume chake. Kumbe hakuhitaji hata kufungua kinywa. Mkuu wa zamu, mwanamke anayejulikana kwa kulala na skafu ya klabu, alikuwa ameshampangia kazi, kwa wino, na madereva wenzake watatu wakamgonga bega kama mtu aliyejitolea figo. Aliona aibu, akashukuru, maana kwetu aibu na shukrani mara nyingi zinatoka pamoja.

Kosa lilionekana Jumapili yenyewe. Katika kumharakisha Yasuhiro asiwe jukwaani, yule mama alimpa zamu ya kwanza iliyokuwa wazi, na zamu iliyokuwa wazi ni basi la nyongeza: kutoka stesheni mpaka uwanjani, kungoja kwenye maegesho mechi iishe, kisha kuwarudisha watu.

Abiria waliingia wakiimba. Wa kwanza alipoiona sura ya dereva wimbo ukamkatikia kooni, na ukimya ukarudi nyuma kiti kwa kiti mpaka kwa wale waliosimama. Daktari Kurematsu aliingia wa mwisho na ngoma yake. Akaangalia jina la dereva lililoandikwa juu ya kioo, akaliangalia tena.

"Hozumi-san. Kumbe uko kazini."

"Niko kazini, Daktari. Shikeni vyuma tafadhali, tunaondoka."

Njia nzima jambo hilo lilijadiliwa kwa minong'ono, na dereva anasikia. Je, maegesho ni uwanja? Mmoja akasema uwanja unaanzia langoni, kadi inapoguswa. Mwingine akasema mechi na Hirukawa, Yasuhiro alichelewa, tulikuwa tunaongoza, na bao la kusawazisha liliingia yeye angali kwenye foleni nje ya lango, kwa hiyo hata ukaribu unadhuru. Mama mmoja mwenye heshima zake akapendekeza basi liegeshwe likiangalia mlima badala ya uwanja. Hakuna aliyemwambia Yasuhiro. Walipofika alilizungusha mwenyewe, akaliegesha kuelekea mlimani, na watu arobaini waliposhuka walimwinamia mmoja mmoja kama wanatoka hekaluni. Ndani alikuwa anaungua. Angetukanwa ingemwuma kidogo kuliko kuinamiwa vile.

*

Mechi ilianza saa nane mchana. Theluji ilikuwa imeanza kweli. Yasuhiro alizima redio, akafunga madirisha, akakaa na kopo la chai ya moto mikononi.

Lakini huwezi kumfungia mpira nje mtu wa aina yake. Dakika ya ishirini na kitu alisikia kelele ndogo, nyembamba, ya mbali, kisha kimya kikubwa juu yake. Bao la Ogihama. Akajikuta, Mungu amsamehe, moyo umemwepesika. Tunafungwa na mimi sipo. Halafu akajichukia kwa nguvu hata chai ikamwagika kwenye suruali ya kazi. Alikaa anajisuta. Babu yake Chinatsu alikufa anauliza matokeo, na yeye anafurahia bao la Ogihama.

Kipindi cha pili, dakika kumi zimepita, uwanja uliunguruma hadi vioo vya basi vikatikisika. Tumesawazisha, moja moja. Alisimama bila kujua amesimama. Baada ya hapo hakukaa tena. Alitembea kutoka kiti cha dereva mpaka kiti cha nyuma, akarudi, akipanguza vyuma kwa kitambaa ili mtu akimwona aonekane anafanya kazi. Ngoma ya Daktari ilikuwa inaenda mbio, imepoteza mpangilio. Sare haisaidii. Akaanza kusema kwa sauti, peke yake ndani ya basi tupu, "Kona. Leteni kona. Mpeni beki mrefu."

Kelele ya tatu ilikuja wakati saa ya basi inaonyesha muda umekwisha na ushei. Nimewahi kusikia kelele nyingi pale, ile sikuwahi. Yasuhiro aliruka, akagonga kichwa kwenye chuma cha juu, akaangukia kiti chake na kiwiko kikabonyeza honi, na basi likapiga honi ndefu kuelekea mlima mtupu. Alilia na kucheka pamoja. Tumebaki daraja la pili.

Ilipita kama dakika nzima kabla hajakumbuka maana yake. Mechi sita bila yeye, ushindi sita. Akachukua kofia ya kazi sakafuni, akaivaa, akafungua milango, akangoja.

*

Walirudi wamelowa, sauti zimekauka, wanakumbatiana. Wakifika mlangoni mwa basi wanashusha sauti.

"Asante sana, dereva."

"Asante kwa leo."

"Umetusaidia sana."

Walikuwa wanamshukuru kwa kutokuwepo, kwa moyo safi kabisa, na kila asante ilimshusha mabega kidogo. Daktari alikuja na macho mekundu. Alisimama kwenye ngazi, akainama mpaka ngoma ikagusa sakafu.

"Hozumi-san, sijui niseme nini. Mwakani pia tunakutegemea."

"Nimeelewa, Daktari."

"Mwakani mnamtegemea afanye nini?"

Sauti ilitoka chini, kwenye theluji. Alikuwa Bibi Fusae, amevaa koti la mvua la klabu linalomfika vifundoni, la mwanawe, ameshikwa mkono na Chinatsu. Mama huyu ana miaka sabini na tisa na hajawahi kukanyaga uwanja wa mpira.

Chinatsu alipanda ngazi, akamnyooshea Daktari simu, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Daktari unaamini takwimu, sivyo? Naomba usome."

Daktari akapangusa miwani. "Hozumi Yasuhiro," akasoma. "Jukwaa C, mstari wa nane, kiti cha kumi na moja. Ameingia saa saba na nusu. Mechi kumi na nne." Akaisogeza simu karibu na macho. "Ushindi mmoja."

Kadi ilikuwa imeondoka kwenye madhabahu asubuhi, Bibi alipopeleka wali wa marehemu. Klabu inaruhusu kadi itumiwe na mtu wa nyumba moja, Chinatsu alishasoma masharti mpaka mwisho, na yeye mwenyewe aliingia kwa tiketi ya mwanafunzi. Kwa hesabu ya klabu, Yasuhiro alikuwa kitini kwake tangu mwanzo hadi mwisho, na timu ilishinda.

"Lakini Hozumi-san alikuwa..." Daktari akaanza. Akamtazama dereva. Akawatazama watu arobaini, ambao wote kwa pamoja waligundua kuna kitu cha kutazama kwenye dari la basi. Kumkana Yasuhiro ni kuikana programu, na wakiikana programu, zile mechi kumi na tatu nazo zinabaki na uthibitisho gani? Nami nilikuwa miongoni mwa hao arobaini, nikamwona akimrudishia Chinatsu simu kwa mikono miwili.

"Mechi kumi na nne, ushindi mmoja," akasema mwishowe. "Takwimu ni takwimu."

Bibi akapewa kiti cha mbele. Yasuhiro akawasha injini, akatoka maegesho, na kwenye taa nyekundu ya kwanza akauliza bila kugeuza kichwa, "Bao la pili lilikuwaje?"

Kuna bango juu ya kila dereva kwamba asisemeshwe basi likiwa kwenye mwendo. Siku hiyo lilisahauliwa. Watu arobaini walilieleza bao lile kwa pamoja, Daktari akaliigiza kwenye njia ya katikati: kona, beki mrefu, mpira unagonga mwamba, unamgonga kipa mgongoni, unaingia. Lilikuwa bao baya kuliko yote ya msimu. Yasuhiro alilidai tena mpaka tukafika stesheni.

*

Mwezi wa pili, ratiba mpya ilipotoka, Daktari Kurematsu alisimama tena mlangoni na boksi la zambarau, wanakamati wale wale wawili nyuma yake. Yasuhiro aliliona kabla hajamwona Daktari mwenyewe.

Daktari alianza kwa hali ya hewa. Akasema masika yatakuwa ya joto. Akasema jukwaa C, kumbe, linapata jua zuri sana, hasa mstari wa nane, na kwamba watu wazima wanahitaji jua. Akaulizia afya ya Bibi.

Yasuhiro alielewa. Walikuwa wanamtaka mama yake. Mechi moja, ushindi mmoja, asilimia mia. Na kiti ni kimoja. Akaweka kiganja juu ya boksi, safari hii asije mtu akalifungua.

Mlango wa karatasi ukafunguka. "Hizi ni za meno?" Bibi Fusae akauliza.

Daktari hakuelewa.

"Keki zile za kwanza nilikula nikijua unaniomba radhi kwa meno uliyonitengenezea. Yananibana tangu mwaka jana. Mwanangu anasema nimekosea, zilikuwa za jambo lingine. Sasa nakuuliza wewe mwenyewe, Daktari. Nilikula za nini?"

Rangi ilimpanda Daktari kutoka kwenye kola mpaka kwenye kipara. Akisema zilikuwa za mpira, basi mgonjwa wake ameumwa mdomo karibu mwaka mzima na yeye daktari wake hajaja kumwomba radhi. Alipiga magoti hapo hapo kati ya viatu, akainamisha paji la uso sakafuni.

"Zilikuwa za meno, Bibi. Nimechelewa kusema. Naomba radhi."

"Basi kama zilikuwa za meno, mwanangu hakuwahi kukubali lolote." Akaketi mkabala naye, magoti pamoja. "Na hizi za leo nitakwambia ni za nini. Utanitengenezea meno mapya. Na utanitafutia kiti cha kumi na mbili, maana mimi mpira siujui, nitakaaje pale bila mtu wa kunieleza?"

Kiti cha kumi na mbili kilikuwa cha mmoja wa wale wanakamati wawili. Alikuwa amesimama nyuma ya Daktari. Akainama.

Bibi akalisukuma boksi kwa mwanawe. "Fungua wewe," akamwambia, na Yasuhiro akaifungua kamba pole pole, asiikate.

Mechi ya kwanza tulifungwa mbili bila, mama na mwana wote wakiwa kitini. Daktari alipiga ngoma dakika zote tisini bila kugeuka kuangalia jukwaa C. Bibi Fusae alikula mishikaki miwili ya kuku bila taabu yoyote, akauliza kama tumeshinda, na Yasuhiro akaanza kumweleza.